Njaa ya Tumbo, Njaa ya Moyo



Mara nyingi tunazungumza juu ya kukosa chakula, na ni haki, kwa sababu njaa iko kweli katika inchi yetu. Uchunguzi wa njaa unaoitwa IPC ulihesabu, katika mwaka 2024, watu zaidi ya milioni 25 wenye njaa kali katika Kongo. Lakini liko neno lingine ambalo watu hawalisemi wazi, hata nyumbani. Linaishi katika nyumba zilezile zenye taabu, na wanaolijua wanalificha. Ni kula bila njaa.

Angalieni mifano hii. Siyo habari ya mtu fulani, lakini wengi katika Ngezi na katika mitaa mingine ya Bunia watajiona ndani yake.

Mama mmoja alifiwa na ndugu yake kule Djugu. Mchana anafanya kazi na hasemi neno. Usiku, watoto wakilala, anarudi jikoni, anafunua sufuria, anakula bugali baridi iliyobaki kwa ajili ya asubuhi. Anakula akisimama, bila taa. Asubuhi watoto wanauliza, "Mama, bugali iko wapi?" Naye anaona haya.

Kijana mmoja amekosa egzame deta. Anachukua franga alizokuwa nazo, ananunua mandazi na soda, anakula peke yake nyuma ya nyumba mpaka franga zinaisha. Tumbo limejaa. Huzuni iko palepale.

Baba mmoja anatoka machimbo ya upande wa Mongbwalu. Wiki mbili alikula mara moja kwa siku, tena vibaya. Siku ya kuuza dhahabu anakula sahani tatu za nyama na kunywa chupa nyingi, na usiku anagaagaa kwa maumivu.

Msichana mmoja alichekwa juu ya mwili wake. Anakataa chakula siku mbili. Siku ya tatu anakula kwa siri kila kitu anachokiona, kisha analia.

Watu hawa wanne, tutawaita waroho? Majirani wanawaita hivyo, na wao wenyewe wanajiita hivyo ndani ya moyo. Lakini si kweli. Kila mmoja wao iko na neno moyoni, na anajaribu kulijibu kwa kinywa. Kama hatufahamu jambo hili, tutawapa shauri baya: "Acha kula! Jinyime!" Shauri hilo, kama tutakavyoona, ndilo linaloongeza ugonjwa.

NJAA NI MBILI

Katika lugha yetu ya hapa tunasema, "Nasikia njaa." Neno hilo ni zuri, kwa sababu kusikia ni kazi. Anayetaka kusikia, lazima anyamaze kidogo kwanza. Wengi wetu tunafungua sufuria kabla ya kusikiliza nani anayeita.

Njaa ya tumbo inakuja polepole. Inaanza kidogo, tena inaongezeka. Unaisikia ndani ya tumbo, kisha nguvu inapungua na kichwa kinakuwa chepesi. Njaa hiyo haichagui sana: ukiipa bugali na maharagi, inashukuru. Ikishiba, inanyamaza.

Njaa ya moyo inakuja kwa ghafula, kama mtu anayegonga mlango kwa nguvu. Inaweza kuja nusu saa baada ya kula. Unaisikia zaidi katika kinywa na katika mawazo kuliko katika tumbo. Mara nyingi inataka kitu kimoja tu: kitu kitamu, kitu cha mafuta, kitu cha kutafuna. Ukiipa, haishibi. Na nyuma yake inaacha haya.

Njaa ya moyo si uongo. Ni njaa ya kweli, lakini chakula siyo kinachoitwa. Inaweza kuwa huzuni, hofu, hasira, upweke, uchovu, hata kukaa bila kazi mchana mzima. Mtoto analia usiku kwa sababu anaogopa, na wewe unampa biskuti: atanyamaza, lakini hofu yake haijaondoka.

JUU YA NINI CHAKULA KINATULIZA?

Mtu atauliza: Kama chakula hakijibu huzuni, juu ya nini tunakikimbilia? Ni kwa sababu kinatuliza kweli, lakini kwa muda mfupi.

Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Tukiingia katika hofu, zinamwaga katika damu vitu vinavyotayarisha mwili kukimbia ao kupigana. Mwanzoni hofu inafunga tumbo. Ndiyo sababu siku ya kwanza ya matanga mtu anashindwa kumeza hata uji. Lakini hofu na taabu zikikaa siku nyingi, kitu kimojawapo, kinachoitwa kortizoli, kinabaki juu katika damu. Mwili unafikiri vita iko inaendelea na kwamba unahitaji akiba. Basi unaomba chakula, zaidi sana cha sukari na cha mafuta.

Tena ubongo unakumbuka. Kitu kitamu kinaamsha ndani yake furaha kidogo. Ukila mandazi mara kumi wakati wa huzuni, mara ya kumi na moja huzuni ikija, ubongo wenyewe utakuita: "Mandazi!" Hivyo desturi inazaliwa, na desturi haivunjiki kwa kupigiwa kelele.

Ongeza usingizi. Mtu asiyelala vizuri anasikia njaa zaidi siku inayofuata, na anapenda zaidi vitu vitamu. Hapa Ituri tunajua usiku wa kutolala. Vita ilianza mwaka 1999, ikafika ndani ya Bunia yenyewe na kuua watu wengi katika mwezi wa 5 mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2017 machafuko yalirudi Djugu, na maelfu ya watu wakakimbilia mji wetu. Wengi walifika na nguo moja tu. Wengine wamezika watu wao, wengine hawakupata hata nafasi ya kuzika. Je, tushangae kama miili ya watu hao inatafuta kitu cha kujituliza?

DESTURI YA SIKU YA POSHO

Sisi watu wa maeneo ya dhahabu tuko na sababu yetu nyingine. Dhahabu ilivumbuliwa upande wa Kilo mwaka 1903, na tangu siku zile kula kwetu kumefuata machimbo. Wazee wanajua neno posho. Lilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi ao mtumishi wa kampuni kama sehemu ya malipo yake. Kwa kuwa kilitolewa kila juma, neno lenyewe likawa kipimo cha siku: katika Kilingala, mposo ni juma, na mokolo ya mposo ni Jumamosi. Siku ya posho ilikuwa siku ya kushiba.

Leo wachimbaji wengi hawana kampuni ya kuwapimia posho. Tangu serikali ilipofungua uchimbaji wa mikono kwa raia katika miaka ya 1980, kijana anachimba na wenzake chini ya mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, na anakula kufuata bahati ya mchanga. Iko siku ya bugali na chumvi. Iko siku ya maji tu. Halafu inakuja siku ya dhahabu, na siku hiyo anakula, anakunywa, analisha marafiki, mpaka kesho yake mfuko uko mtupu tena.

Watu wa nje wanamcheka wakisema hana akili. Lakini mwili wake umefundishwa. Umejifunza kwamba chakula kinakuja na kupotea, basi kikionekana, kikamatwe chote. Hata kama mtu huyo atapata kazi ya mshahara, ao duka lake mwenyewe hapa Bunia, mkono wake utaendelea kukamata. Na mke na watoto waliobaki nyumbani wakingojea wanajifunza masomo yaleyale: leo tushindilie, kesho hatujui.

Wazee walisema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Moja inalevya, nyingine inalegeza. Sisi tumeishi tukirushwa kutoka kwa moja mpaka kwa nyingine.

WANAUME 36 WA MINNESOTA

Sasa tutoke kidogo katika Ituri, kwa sababu jambo hili lilichunguzwa mahali pengine.

Mwezi wa 11 mwaka 1944, vita kuu ya pili ikiwa bado inaendelea, mtaalamu wa mwili jina lake Ancel Keys alianza uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Vijana wanaume 36 walijitoa kwa hiari. Walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, na wengi walitoka katika makanisa ya amani, kama vile Wamenoniti. Walitaka kusaidia kwa njia nyingine: waganga wajue namna ya kulisha watu wa Ulaya walioumizwa na njaa ya vita.

Walikuwa na afya nzuri ya mwili na ya akili. Miezi 3 walikula kawaida. Halafu miezi 6 chakula chao kilipunguzwa karibu nusu, huku wakiendelea kutembea na kufanya kazi. Walipoteza kama robo moja ya uzito wao.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa katika mawazo yao. Watu wale wapole wakawa wakali na wenye huzuni. Wakaacha kujali wasichana na masomo. Mazungumzo yao yote yakawa chakula, wakasoma vitabu vya upishi kama vile mtu anavyosoma barua ya mchumba, wakalamba sahani. Na chakula kiliporudishwa, wengine walikula bila mwisho. Walikula mpaka kuugua, na bado walisema, "Tunasikia njaa." Kwa wengine hali hiyo ilidumu miezi mingi. Keys na wenzake walitoa kitabu kikubwa juu ya habari hiyo mwaka 1950.

Ndugu msomaji, ona vizuri. Vijana wale hawakuwa waroho walipoanza. Njaa ndiyo iliwafanya wafikiri chakula usiku na mchana. Basi ukimwambia mtu anayekula kwa huzuni, "Jinyime, funga kinywa," unamtia katika shimo lilelile. Atajinyima siku tatu kwa nguvu, siku ya nne atashindilia, siku ya tano atajichukia, na kujichukia huko ni huzuni mpya itakayoomba chakula tena. Ni gurudumu. Anayejinyima sana leo, ndiye atakayeshindilia kesho.

KWA VIJANA WETU

Neno hili linawahusu ninyi zaidi. Zamani hapa kwetu mtu mnene aliheshimiwa, tulisema, "Umenenepa, maisha iko muzuri." Leo picha za simu zinawaonyesha wasichana wembamba, na kesho zinawaonyesha wenye makalio makubwa. Msichana mmoja anakataa kula, mwingine anakunywa dawa za kunenepesha zinazouzwa sokoni bila muganga kuzijua.

Jihadharini na dawa hizo. Nyingine ni deksametazoni, dawa kali ya hopitali. Inavimbisha uso na mwili, lakini inaweza kupandisha sukari ya damu na damu yenyewe, inapunguza nguvu ya mifupa, na inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Tena ukiizoea na kuiacha kwa ghafula, unaweza kuwa katika hatari. Ukiwa umekwisha kuizoea, usiiache peke yako. Nenda kwa muganga.

Na juu ya kufunga kwa ajili ya sala: hilo ni jambo lingine, lina shabaha yake na mwisho wake. Lakini usijifiche chini ya jina la kufunga kumbe unataka kupunguza mwili. Mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye mimba na anayenyonyesha, wamwulize muganga kwanza.

TUFANYE NINI BASI?

Hatutawapa orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Tunawapa njia saba. Hazihitaji franga nyingi, zinahitaji uvumilivu.

1. Kula kwa saa inayojulikana. Mwili ulioogopeshwa na njaa unapona kwa ahadi inayotimizwa. Kama nyumba inaweza kula mara tatu, vizuri. Kama ni mara mbili tu, ziwe mara mbili za saa zilezile, na katikati kuwe na kitu kidogo: kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi, karanga za mkono mmoja. Usiache asubuhi bila kitu, hata uji mwepesi wa mahindi. Anayeshinda bila kula mpaka mangaribi, mangaribi hatachagua, atarukia tu. Na wewe mchimbaji, usiingie shimoni na tumbo tupu. Chukua viazi ao makemba na maji safi.

2. Jaza sahani kwa vitu vinavyokaa tumboni. Bugali peke yake inashibisha haraka na kuondoka haraka. Weka pembeni maharagi ao samaki ndogo za Ziwa Albert, na majani: sombe, lengalenga, majani ya viazi. Tumia mawese kwa kipimo, nayo usiyachome mpaka rangi nyekundu inapotea, kwa sababu wekundu ule ndio unaoupa mwili vitamini A, inayolinda macho. Lengalenga unaweza kupanda nyuma ya nyumba, na baada ya wiki chache tu unakata.

3. Keti na kula polepole. Tumbo linachukua kama dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Anayemaliza sahani kwa dakika 5 ataomba nyingine kabla habari haijafika. Weka chakula katika sahani, usile katika sufuria. Keti pamoja na watu wa nyumba. Yule mama anayekula gizani akisimama, mwili wake haukumbuki hata kama umekula.

4. Uliza jina la njaa. Kabla ya kufunua sufuria kwa mara ya pili, simama kidogo, ujiulize: "Ni tumbo ao ni moyo?" Kama ni tumbo, kula bila haya. Kama ni moyo, taja jina lake: "Leo ni siku ambayo ndugu yangu alikufa." "Nimekasirika." "Nimechoka." Neno lililotajwa linapungua nguvu. Na kama baada ya kulitaja bado unataka kula, kula kidogo, ukiketi. Hujaanguka. Umejifunza.

5. Upe moyo chakula chake. Huzuni inataka mtu wa kusikiliza. Nenda kwa jirani unayemwamini, ama umwite yaya wako, umwambie, "Nikae kwako kidogo." Anayeogopa atembee pamoja na mwenzake. Aliyechoka alale. Asiyekuwa na kazi ya mikono aitafute: kufuma, kulima, kuimba na wenzake. Aliyefiwa alie, machozi hayana aibu, hata kwa baba. Na pombe siyo msaada. Kaikpo inatuliza moyo kwa usiku mmoja, lakini asubuhi inaleta deni lake.

6. Usiite chakula dhambi. Ukisema, "Sitakula mandazi tena mpaka kufa," kuanzia leo utaota mandazi. Sema hivi: mandazi nitakula baada ya chakula, moja ao mawili, nikiketi na wengine. Lakini ujue unachokunywa: chupa moja ya soda ya sentilita 30 inaweza kubeba kama vijiko vidogo 8 vya sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asipite vijiko kama 12 kwa siku, na ingefaa vizuri zaidi kuwa 6. Kwa hiyo soda iwe ya sikukuu, na kiu ya kila siku tuijibu kwa maji safi.

7. Siku ya dhahabu, nunua kwanza akiba. Baba na mama wapatane kabla ya dhahabu kuuzwa: franga ya kwanza ni ya mfuko wa maharagi, unga, mafuta na chumvi ya mwezi. Hiyo iingie nyumbani kabla ya nyama na chupa. Kisha nyama iliwe pamoja na watoto, kwa furaha. Mwenye chakula cha kesho katika ghala, mkono wake hautetemeki juu ya chakula cha leo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunajua wengine watasema, "Ninyi mnazungumza kwa watu wenye chakula, sisi tunakula mara moja tu." Kweli, ndugu. Kwa mtu anayekosa, hakuna shauri linaloshinda chakula chenyewe, na jamaa zilizo na kitu zisifunge mlango. Lakini hata kwako njia ya tatu, ya nne na ya tano ziko wazi. Zaidi ya hayo, usijihukumu. Kama siku ya kupata unakula kwa haraka na kwa wingi, ni mwili unaokumbuka kukosa.

WAZAZI, ANGALIENI WATOTO

Desturi hizi zinaanza mapema. Mtoto akianguka, mchukue mikononi kwanza kabla ya kumpa pipi. Akilia kwa kumkosa baba aliyeko machimbo, mwambie wazi, "Najua unamkosa baba. Hata mimi namkosa." Usimlazimishe kumaliza sahani wakati anasema ameshiba, unamfundisha kutosikia tumbo lake. Usimwadhibu kwa kumnyima chakula, wala usimlipe mwema kwa sukari. Wala usimwite "mnene" ao "mfupa" mbele ya watu. Jina kama hilo linakaa miaka mingi.

Na chakula cha nyumbani kigawanywe kwa haki. Katika nyumba zingine baba anapewa samaki yote na watoto mchuzi tu. Mtoto anayekua anahitaji samaki ile kuliko sisi wakubwa, na mama mwenye mimba vilevile. Anayeona kwamba iko sehemu yake, hana sababu ya kuiba usiku.

NANI AENDE KWA MUGANGA?

Nenda kwenye kituo cha afya kama unasikia kiu kila wakati, unakojoa mara nyingi, unapungua mwili bila kujua sababu, ao vidonda vyako havikauki. Inaweza kuwa ugonjwa wa sukari, na unapimwa kwa tone moja la damu.

Nenda pia kama unakula mpaka maumivu mara nyingi na huwezi kusimama, kama unajitapisha baada ya kula, ao kama unakataa chakula mpaka unazimia. Nenda kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, usingizi umepotea, unaona tena mambo ya vita kama vile yanatendeka leo, ao unatamani kufa. Kama mawazo ya kufa yako leo, usingoje, wala usibaki peke yako. Mwambie mtu saa hii na aende pamoja nawe. Hayo si ulegevu, wala si mapepo kila mara. Ni majeraha, na majeraha yanatunzwa.

Na kama ni mke wako, mume wako ao mtoto wako ambaye umemkuta akila gizani, usimpigie kelele, wala usiwaambie majirani. Washa taa, vuta kiti, ketini wawili. Mwulize polepole, "Moyo wako unasikia nini?" Halafu nyamaza, usikie.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Ni wakati gani unatafuta chakula bila njaa ya tumbo? Ni neno gani linakuja kwanza?
2. Katika jamaa yetu, tunakula kwa saa gani? Tunaweza kupatana juu ya saa mbili ao tatu zisizobadilika?
3. Baba akirudi toka machimbo, franga ya kwanza inakwenda wapi?
4. Nani karibu nasi amefiwa ao amekimbia vita, na hana mtu wa kumsikiliza? Tutamtembelea siku gani?